Kununua udi wako wa kwanza: nini cha kutazama kabla ya kutoa fedha

Mtu akishashikwa na hamu ya kujifunza udi, swali lake la kwanza huwa ni bei. Swali zuri, lakini lina mwenzake linalopaswa kulitangulia: udi huo unapigika? Udi wa bei ndogo ambao vigingi vyake vinateleza na nyuzi zake ziko juu mno humwonea anayeanza zaidi kuliko unavyomwonea mpigaji mkongwe. Mkongwe anajua kosa ni la chombo. Anayeanza hudhani kosa ni lake: vidole vinauma, sauti haitulii, na hatimaye udi unatundikwa ukutani. Kwa hiyo yote nitakayokueleza hapa yanarudi kwenye jambo moja. Fedha yako ya kwanza inunue udi unaopigika. Uzuri wa macho unaweza kungoja.

Tuanze na chombo chenyewe, kwa asiyewahi kukishika. Udi una tumbo la mviringo kama kibuyu kilichopasuliwa katikati, lililotengenezwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopindwa kwa moto na kugundishwa ubavu kwa ubavu. Juu ya tumbo hilo kuna ubao bapa mwembamba, ambao nitauita uso. Uso ndio unaotoa sauti, na mara nyingi una unene wa milimita mbili hivi tu. Katika udi wa Kiarabu uso huwa na tundu moja kubwa na mengine mawili madogo, yaliyozibwa kwa nakshi. Chini ya tundu kubwa kuna daraja, yaani ubao mdogo uliogundishwa usoni ambao nyuzi hufungiwa. Shingo ni fupi, haina vile vyuma vya kukata sauti unavyoviona kwenye gitaa, na ndiyo maana mpigaji udi anaweza kutoa zile sauti za katikati zinazohitajika kwenye maqamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu. Mwisho wa shingo kuna kijiti cha mfupa au plastiki chenye mifereji ambamo nyuzi hupita, kisha kichwa kilichokunjwa kwa nyuma, chenye vigingi vya kukazia.

Nyuzi kwa kawaida ni 11: jozi tano, kila jozi ikiwa na sauti moja, na uzi mmoja mnene ulio peke yake. Unazipiga kwa risha, kipande kirefu chembamba cha plastiki au pembe unachokishika ndani ya kiganja. Zamani ilikuwa unyoya wa ndege kweli, hasa wa tai.

Sasa, udi ni wa aina ngapi? Kwa anayeanza, zipo tatu za kuzijua, na kuzichanganya ndiko kunakowaletea watu hasara wanapoagiza kutoka mbali.

Wa kwanza ni udi wa Kiarabu wa kawaida, wa Misri na Shamu. Urefu wa uzi wake, ukipima kutoka kile kijiti cha juu hadi kwenye daraja, ni kati ya sentimita 60 na 62. Sauti yake ni nzito na ya joto. Mtindo ulioenea wa kuutyuni, yaani kukaza au kulegeza nyuzi mpaka sauti zikae mahali pake, ni Do, Fa, La, Re, Sol, Do, ukianzia uzi mnene kwenda mwembamba. Wa pili ni wa Kituruki. Huu ni mdogo kidogo, uzi wake una sentimita 58.5 hivi, sauti yake ni kali na ya kung'aa, na hutyuniwa juu zaidi kwa sauti moja nzima. Wa tatu ni wa Kiiraqi wenye daraja lisilogundishwa: nyuzi zinapita juu ya daraja na kufungwa chini kabisa ya tumbo. Aina hii ilijulikana sana kupitia Munir Bashir, mpigaji wa Iraq aliyefariki mwaka 1997, na fundi Mohammed Fadel wa Baghdad. Ni udi wa kupendeza kwa mtu anayepiga peke yake jukwaani, ila nyuzi zake hukazwa zaidi na matunzo yake yanataka uzoefu.

Uchague upi? Angalia muziki unaotaka kuupiga. Kama moyo wako uko kwenye taarabu ya Zanzibar na Mombasa, kwenye nyimbo za Umm Kulthum, Farid al-Atrash na Riyad al-Sunbati, au kwenye nyimbo za Ghuba ambazo Waswahili wa Muscat na Dubai wamekua nazo, chukua wa Kiarabu. Udi uliopigwa na Zein l'Abdin wa Lamu, ambao wengi wetu tuliujua kabla hatujajua jina la chombo, unatoka kwenye ukoo huohuo. Ukiwa na mwalimu tayari, mfuate mwalimu. Ukinunua udi uliotyuniwa tofauti na wake, kila somo litaanza kwa kutafsiri vidole.

Mwenye mikono midogo, au mzazi anayemtafutia mtoto, huuliza kama ule mdogo wa Kituruki hautakuwa rahisi. Kwa mkono, ndiyo, tofauti ya sentimita mbili tatu inaonekana. Unaweza kuununua na kumwomba fundi akuwekee nyuzi za kutyuni Kiarabu. Usichukue nyuzi za Kituruki ukazilegeza tu, kwa sababu zimetengenezwa nyembamba kwa ajili ya kukazwa zaidi, na zikilegezwa hukosa nguvu na kugongagonga. Kinyume chake ni hatari zaidi: nyuzi za Kiarabu zikivutwa hadi sauti ya Kituruki huelemea uso na daraja. Mtu wa mkono wa kushoto naye aseme mapema anapoagiza, maana daraja, mifereji na hata mbao za kuimarisha uso kwa ndani hupangwa kwa kufuata upande.

Udi wenye nyuzi 13 utauona pia dukani. Uache. Ule uzi wa ziada huongeza uzito na kazi ya kutyuni, na masomo ya mwanzo hayauhitaji.

Tuje kwenye bei. Nitaitaja kwa dola kwa kuwa biashara ya udi huvuka mipaka. Wewe zidisha kwa kiwango cha siku hiyo cha shilingi, riali au dirhamu, na uyachukue haya kuwa makadirio. Udi wa mwanafunzi kutoka karakana za Misri huanzia kwenye dola 150 hadi 300. Wa Kituruki wa kuanzia huwa kati ya dola 250 na 450. Ukifika dola 600 hadi 1,000 unapata kazi ya mkono ya fundi aliyeweka jina lake ndani ya chombo na anayejali jina hilo. Zaidi ya hapo uko kwenye mikono ya mabingwa, na huna sababu ya kufika huko sasa. Chini ya dola 100, kwa udi mpya, mara nyingi unanunua pambo la ukutani lililotengenezwa kwa mtalii: mbao nene, vigingi vya mti laini vilivyopakwa rangi, shingo isiyonyooka. Afadhali uazime udi mzuri kuliko kumiliki huo.

Ushauri wangu ni kwamba usiweke fedha yote kwenye udi. Ukiwa na dola 400, tumia 280 au 300 kwa chombo. Zinazobaki zina kazi: seti ya nyuzi za akiba ni dola 15 hadi 35, mkoba wenye sponji nzuri ni dola 30 hadi 50, na sanduku gumu linaweza kuzidi 80. Fundi wa kukurekebishia naye atataka ujira wake. Na mwalimu. Miezi michache ya mwalimu ina thamani kubwa kuliko udi ghali zaidi usio na wa kukuongoza.

Utaupata wapi? Kwa aliye Zanzibar, nenda kwanza kwa watu wanaopiga. Ikhwani Safaa, kikundi cha tangu mwaka 1905, na Culture Musical Club bado wana udi ndani ya okestra zao, na chuo cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa mwaka 2002, hufundisha ala za taarabu. Kawaombe wakuelekeze. Uliza kama kuna udi wa kujifunzia unaoweza kuutumia kabla hujanunua, uliza nani anatengeneza na kurekebisha, na uliza nani anauza wake ili achukue mkubwa zaidi. Watu wa muziki wa pwani hawamnyimi maelezo mgeni aliyekuja kwa adabu. Mombasa nako njia ni hiyohiyo, wapigaji kwanza, maduka baadaye.

Waswahili walioko Oman wana bahati ya kuwa karibu. Muscat ina jumuiya ya wapenzi wa udi inayofundisha vijana, na Abu Dhabi ina Bait al Oud, shule iliyoanza mwaka 2008 chini ya Naseer Shamma, mpigaji wa Iraq, yenye karakana ya kutengeneza nyudi. Anayesafiri kwenda Cairo, mtaa wa Mohamed Ali umekuwa mtaa wa wanamuziki na mafundi wa ala kwa vizazi. Istanbul, maduka ya ala yamejipanga kwenye mteremko wa Galip Dede, karibu na mnara wa Galata; huko udi mwingi ni wa Kituruki, kwa hiyo taja wazi kwamba unatafuta wa Kiarabu. Syria, ambako familia ya Nahat ya Damascus ilitengeneza nyudi zinazotafutwa na wapigaji hadi leo, bado ina mafundi, na kazi zao huuzwa pia nje ya nchi. Mwaka 2022 UNESCO iliorodhesha utengenezaji na upigaji wa udi wa Iran na Syria miongoni mwa urithi wa wanadamu.

Popote utakapokuwa, jambo linalookoa fedha ni ukaguzi, na hapa nitakaa kidogo. Nenda mchana, kwenye mwanga. Ukiweza, fuatana na mpigaji. Beba rula yenye milimita na simu yenye programu ya kutyuni. Nyingi hupatikana bure. Programu hizo huonyesha herufi: C ni Do, D ni Re, F ni Fa, G ni Sol, A ni La.

Anza na vigingi, kabla hata hujausikiliza. Kamata kimoja, kilegeze kidogo, kisha kikaze ukikisukuma taratibu kuelekea ndani. Kinatakiwa kuzunguka kwa ulaini, bila kurukaruka, na ukikiachia kibaki palepale. Kikiruka kutoka sauti moja hadi nyingine, hutaweza kutyuni vizuri. Kikirudi chenyewe, tundu na kigingi havikuchongwa kwa umbo moja. Jaribu vyote 11. Kigingi kizuri ni cha mti mgumu: abunusi, mpingo au mfano wake. Kiangalie kwa karibu sehemu inayosuguana na tundu. Kama rangi nyeusi imechubuka na chini yake unaona mti mweupe laini, umeshajua. Kigingi kimoja chenye kasoro hurekebishika kwa chaki kikiteleza au kwa sabuni kavu kikikwama. Vigingi sita vyenye kasoro ni kazi ya kutoboa na kuchonga upya, na ujira wake waweza kukaribia nusu ya bei ya udi wa mwanafunzi.

Hatua ya pili ni kimo cha nyuzi. Weka rula pale shingo inapokutana na tumbo, upime nafasi kati ya ubao wa shingo na upande wa chini wa uzi. Milimita 3 hivi ni nzuri. Ikizidi 4, kila kubonyeza kutakuwa kazi, na sauti itapanda kwa sababu unauvuta uzi kwa mbali. Ikiwa ndogo sana, nyuzi zitagonga mbao na kutoa mlio wa kukereketa. Kule juu, karibu na kile kijiti, nafasi iwe ndogo kabisa, chini ya milimita moja. Muuzaji akikwambia nyuzi zitashuka zenyewe baadaye, usimsadiki. Udi ukizeeka mvuto wa nyuzi huikunja shingo kuelekea mbele, na nyuzi hupanda.

Halafu shingo. Inua udi usawa wa jicho, kichwa cha udi kikiwa kwako, na utazame kando ya shingo kuelekea daraja. Mstari uwe umenyooka, au uwe na bonde dogo sana la kuonekana kwa shida. Ukiona umepinda upande mmoja, au kuna mpasuko wa gundi pale shingo inapoingia kwenye tumbo, urudishe. Hilo ndilo rekebisho ghali kuliko yote.

Sasa pima kama sauti zinakaa mahali pake. Tyuni uzi mwembamba kabisa uwe Do. Ubonyeze pale shingo inapokutana na tumbo. Katika udi uliopimwa vizuri, shingo ni theluthi moja ya urefu wa uzi, na theluthi hiyo ikikatwa sauti inayobaki ni ya tano ukihesabu Do, Re, Mi, Fa, Sol. Programu yako ionyeshe G. Ikiwa juu kwa kiasi kidogo si neno, kidole huvuta uzi. Ikikosea sana, mafundi walikosea vipimo, na hilo huwezi kulirekebisha kwa mazoezi. Rudia kwa uzi mnene.

Piga kila uzi ukipanda polepole kutoka juu ya shingo hadi chini, ukisikiliza mahali sauti inapokufa ghafla au inapokereketa. Gonga uso taratibu kwa ncha za vidole, mahali mbalimbali. Ukisikia mtetemo wa kitu kilicholegea, huenda moja ya zile mbao za ndani imebanduka. Washa tochi ya simu na uchungulie kupitia matundu. Utaona karatasi ya fundi yenye jina, mji na mwaka. Utaona pia kama gundi imepakwa kwa nidhamu au imemwagika ovyo. Tazama nyuma ya daraja: ukingo wake usiwe umenyanyuka hata kwa unene wa karatasi.

Mwisho uinue kwa mkono mmoja. Udi mzuri huwashangaza watu kwa wepesi wake. Mwingi haufiki kilo moja. Ukihisi mzito, mbao ni nene, na uso mnene hauwezi kuimba hata ukiwekewa nyuzi za bei gani.

Na sauti yenyewe? Mwombe mtu aupige huku wewe umekaa mbele yake hatua kadhaa, kisha ubadilishe mahali. Mpigaji husikia kidogo kuliko anayemsikiliza. Nyuzi nene zisifunike nyembamba, na sauti idumu kidogo baada ya risha kuondoka. Udi mpya huwa umefungafunga na hufunguka ukipigwa, kwa hiyo usidai utamu wa udi wa miaka 30. Dai usawa. Ukiwa na nyudi mbili zilizopita mitihani yote, hapo ndipo sikio lako liamue, na uliamini.

Utaona nimeyapita mapambo. Lulu za kombe zilizopachikwa usoni, nakshi za matundu, mistari ya mbao za rangi mbili mgongoni, vyote hivyo ni kazi za mikono zinazostahili heshima, na ningependa kila mtu aje kumiliki udi wa namna hiyo siku moja. Lakini saa za fundi zina thamani yake. Kwa bei ileile, udi uliojaa lulu umechukua saa zilizopaswa kwenda kwenye vigingi, shingo na uso. Wa mwanafunzi uwe mtupu na safi. Pambo lililobandikwa usoni kwa wingi pia huuzuia uso kutetemeka.

Mbao za tumbo wauzaji huzizungumza sana: mjozi, mahogani, na nyinginezo. Zina mchango, ila mdogo kuliko wa uso. Uso ndio wa kuulizia. Uwe wa ubao mzima usio plaiwudi, wa miti ya nchi za baridi jamii ya msonobari au wa mwerezi, wenye mistari iliyonyooka na kukaribiana kuanzia juu hadi chini. Ukingo wa tundu kubwa utakuonyesha: plaiwudi ina tabaka.

Wengine hawana duka karibu, na lazima waagize. Inawezekana, lakini uliza kwa maandishi na udai majibu kabla ya kulipa. Urefu wa uzi ni sentimita ngapi? Nyuzi zilizowekwa ni za kutyuni gani? Kimo cha nyuzi kwenye kiungo cha shingo ni milimita ngapi? Vigingi ni vya mti gani? Omba picha ya rula ikiwa imewekwa pale, na video ya mtu akitoa kila uzi mmoja mmoja kwenye udi huohuo utakaotumiwa. Fundi mwaminifu hakasirishwi na maswali haya. Anayeyakwepa amekwisha kukujibu. Ulizia pia nani atabeba gharama ukifika umepasuka, na mpigie wakala wa forodha wa nchi yako ujue ushuru na kodi kabla mzigo haujaondoka, kwa sababu jumla yake pamoja na nauli inaweza kuubadilisha udi wa dola 250 ukawa wa 400.

Ukiubeba mwenyewe kwa ndege, jua kwamba udi una urefu wa sentimita 70 hadi 80, zaidi ya kipimo cha mkoba wa kawaida wa ndani. Wasiliana na shirika la ndege kabla ya siku ya safari na uombe kuingia nao. Ukilazimika kuuweka chini, uwe kwenye sanduku gumu, nyuzi zimelegezwa kwa sauti moja au mbili, na nguo laini zimejazwa kuzunguka kichwa ili kisivunjike kwa kishindo.

Hali ya hewa ndiyo inayoua nyudi nyingi kwetu. Chombo kilichotengenezwa kwenye ukavu wa Cairo kinapofika Unguja, Mombasa au Tanga, mbao hunywa unyevu na kuvimba: vigingi vinakwama, uso unatuna, nyuzi zinapanda. Kwenye nyumba ya Ghuba yenye kiyoyozi mchana na usiku hutokea kinyume, mbao hukauka na kupasuka, na vigingi huteleza. Mafundi wengi hutumia gundi ya ngozi za wanyama kwa kuwa huachia kwa joto na maji, jambo linalorahisisha kufungua udi na kuutengeneza. Lakini kwa sababu hiyohiyo gari lililoegeshwa juani linaweza kuubandua daraja kwa mchana mmoja. Uweke ndani ya mkoba wake, mbali na dirisha, mbali na ukuta wa nje wenye maji, na mbali na upepo wa moja kwa moja wa kiyoyozi. Pwani, tia vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu ndani ya sanduku na uvibadilishe. Panapo ukavu, kuna vifaa vidogo vya kutoa unyevu vinavyowekwa ndani ya sanduku hilo. Mbao hupenda unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 40 na 60, na kipimo chake kinauzwa kwa bei nafuu.

Ukishaununua, usishtuke nyuzi zikishuka kila saa katika siku za mwanzo. Nyuzi mpya, hasa za nailoni, hujivuta kwa muda kabla ya kutulia. Tyuni kila unapoushika, taratibu, na usikaze zaidi ya sauti iliyotakiwa ukidhani zitatulia haraka. Unaponunua seti nyingine, mtajie muuzaji mambo matatu: ni udi wa Kiarabu, urefu wa uzi ni kiasi gani, na unatyuni vipi. Badilisha uzi mmoja mmoja, usizivue zote kwa pamoja, ili uso usipoteze mvuto wake ghafla. Risha jaribu mbili tatu za ugumu tofauti, kwa kuwa bei yake ni ndogo na huna sababu ya kujinyima chaguo hilo, na ukikosa kabisa, watu wengi wameanzia kwenye ukanda wa plastiki uliokatwa kwa urefu wa kiganja na kulainishwa ncha.

Jambo la kukubaliana na muuzaji au fundi kabla fedha haijatoka mkononi: baada ya miezi mitatu au minne, mbao zikishazoea hewa ya kwako, udi urudi kwake kuangaliwa kimo cha nyuzi, vigingi na daraja, bila malipo au kwa malipo mliyoyataja. Liandikwe kwenye risiti, pamoja na jina la fundi, mwaka wa kutengenezwa na urefu wa uzi.